Kitambaa Kimoja cha Koti na Kochi? Jibu kwa Msomaji wa Kisumu

Msomaji mmoja mwenye karakana ndogo karibu na soko la Kibuye, Kisumu, ambako yeye na wenzake hushona majaketi na kuvalisha makochi, ameniandikia hivi: "Mwalimu, nimechoka kununua velveti iliyobuniwa na mtu mwingine. Nina kitanda cha mfumi cha mkono chenye fremu nne za kuinulia nyuzi, na nataka kubuni kitambaa changu mwenyewe chenye manyoya, chenye michoro inayopanda na kushuka, ambayo mteja ataihisi kwa kiganja. Je, naweza kubuni kitambaa kimoja kikafaa jaketi na kochi? Na nianzie wapi?"

Dada yangu, mchoro unaweza kuwa mmoja, lakini vitambaa lazima viwe viwili. Jaketi linataka kitambaa kinachokubali kukunjwa, kupumua na kufuata mwili; kochi linataka kitambaa kinachostahimili kukaliwa, kuburutwa na kupigwa na jua la dirishani kwa miaka. Anayelazimisha kitambaa kimoja kitimize yote mawili huishia na jaketi gumu kama gunia au kochi linalopata upara sehemu za mikono kabla mwaka haujaisha. Hata hivyo, mambo yanayokifanya kitambaa kipande na kushuka ni yale yale kote kuwili, na ukiyaelewa vizuri utaweza kuutoa mchoro wako kwenye koti na kuupeleka kwenye kochi kwa kubadilisha vipimo vichache tu.

Kila kitambaa cha manyoya kilichofumwa kina kitambaa cha msingi, yaani mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana) unaoufahamu, na juu yake uzi wa tatu ambao kazi yake ni kusimama. Hapo ndipo kinapotofautiana na blanketi za aina iliyoupa mji wa Nakuru jina kwa miaka mingi, au na flisi ya majaketi ya mitumba: manyoya ya blanketi na flisi hayana uzi wake, bali ni nyuzinyuzi zilizokwaruzwa na kuvutwa kutoka kwenye uzi wa kitambaa chenyewe. Manyoya ya kukwaruza hayawezi kuchorwa kwa usahihi, kwa sababu huwezi kuamua kila unyoya unatoka wapi. Wewe unayetaka mchoro wenye kingo safi unahitaji uzi wa tatu, ambao unaweza kuuamrisha usimame hapa na ulale pale.

Uzi huo unaweza kuja kwa njia ya mtande, kama ilivyo katika mahameli (velveti) halisi na taulo, au kwa njia ya mshindio, kama ilivyo katika kodrai. Vyovyote utakavyochagua, jambo la kwanza la kubuni ni namna unyoya unavyoshikwa chini, hata kabla ya rangi na umbo la ua. Fikiria kishungi kimoja cha manyoya ukikitazama kwa ubavu. Kikipita chini ya uzi mmoja tu wa mshindio na kuinuka pande zote mbili, kinakuwa na umbo la herufi V, na ukikibana kwa kibano na kuvuta, kinatoka bila ubishi. Kikipita chini ya uzi wa kwanza, juu ya wa pili na chini ya wa tatu ndipo kiinuke, kinakuwa na umbo la herufi W, nacho kimeshikwa na nyuzi tatu. Umbo la V huruhusu manyoya kusongamana zaidi na kitambaa kuwa chepesi. Umbo la W huruhusu kitambaa kuishi. Kwa kochi sikushauri kabisa utumie V bila kupaka gundi mgongoni. Kwa jaketi la matukio maalumu, ambalo halisuguliwi kila siku, V inatosha mradi msingi uwe umeshindiliwa sawasawa.

La pili ni urefu na msongamano, ambavyo haviachani. Wanafunzi wengi hudhani kwamba manyoya marefu ndiyo yanayokipa kitambaa utajiri, kumbe manyoya marefu yaliyotawanyika hulala, huchanganyika, na kitambaa kikikunjwa ukingoni mwa kiti, ufa hufunguka na msingi ukaonekana. Chukua kipande chochote cha velveti ukikunje juu ya ukingo wa meza huku manyoya yakitazama nje: ukiuona msingi kama mstari mweupe au mweusi, msongamano haukutosha kwa urefu ule. Kila unapoongeza milimita moja ya urefu, ongeza pia idadi ya vishungi katika kila sentimita, la sivyo punguza urefu. Binafsi napenda manyoya mafupi yaliyosongamana, ya milimita mbili au tatu, kuliko marefu yaliyolegea, na nina hakika kiganja cha mteja wako kitakubaliana nami.

Sasa tuje kwenye mwanga, mahali ambapo ubunifu wa vitambaa hivi unanigusa kuliko popote. Unyoya uliokatwa na kusimama wima humwonyesha mtazamaji ncha yake, na mwanga unaoingia kati ya ncha hizo hupotelea ndani, kwa hiyo rangi huonekana nzito na yenye kina. Unyoya uliolala humwonyesha ubavu wake, na ubavu wa uzi hurudisha mwanga, kwa hiyo rangi ile ile huonekana nyepesi zaidi na yenye mng'ao. Ndiyo maana shamba la ngano la Njoro likipitiwa na upepo huonekana lina rangi mbili ingawa ngano ni moja. Pitisha kidole chako kwenye kochi la velveti la rangi moja, kwanza kuelekea juu kisha kuelekea chini, na utaona umeandika mistari miwili yenye rangi tofauti bila kutumia tone la wino.

Maana yake kwako ni kwamba unaweza kubuni mchoro mzima kwa uzi wa rangi moja. Vitanzi visivyokatwa huonekana vyepesi kwa sababu mgongo wa kila kitanzi ni ubavu wa uzi. Vishungi vilivyokatwa huonekana vizito. Na sehemu isiyo na manyoya huonekana tambarare na kavu. Hizo ni rangi tatu kutoka kwenye chungu kimoja cha rangi. Ukiongeza urefu wa aina mbili, manyoya marefu hutupa kivuli juu ya mafupi, na mchoro ukapata ukingo ambao mkono unauhisi hata gizani. Kabla ya kufikiria kuchanganya rangi tano, jaribu mchoro wako kwa rangi moja ya bluu iliyokolea au ya kahawia. Mchoro usiosomeka kwa rangi moja hautaokolewa na rangi nyingi.

Watu wamefanya hivi kwa ustadi mkubwa kwa muda mrefu, na si lazima tutazame Ulaya pekee. Katika eneo la Kasai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Wakuba hufuma kitambaa cha msingi kwa nyuzi za mwale, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume, kisha wanawake hukitarizi kwa sindano: hupitisha uzi laini chini ya uzi mmoja wa msingi, huuvuta mpaka ibaki ncha fupi, halafu hukata upande wa pili karibu kabisa na kitambaa. Hakuna fundo. Kishungi kinashikwa na ubanifu wa msingi peke yake. Kati ya sehemu hizo za manyoya wanaacha mistari ya tarizi isiyokatwa, na mchoro mzima wa pembe na misalaba unatokana na tofauti hiyo ya kilichokatwa na kisichokatwa. Upande mwingine, viti vya treni za London vimevalishwa kwa miongo mingi kitambaa kizito cha manyoya ya sufu kwa asilimia 85 na nailoni kwa asilimia 15, na tangu miaka ya 1930 shirika la usafiri la mji huo liliwaagiza wabunifu kama Enid Marx michoro midogo yenye rangi zilizochanganyika, ambayo haionyeshi uchafu haraka. Ukipata tenda ya kuvalisha viti vya matatu, kanuni hiyo ya mchoro mdogo na rangi zilizochanganyika itakufaa kuliko ua kubwa la kupendeza ambalo doa moja la chai linaliharibu.

Kwa jaketi, anza na hali ya hewa ya atakayelivaa. Mteja wa Nakuru au Eldoret, ambako asubuhi huwa na baridi kali, atafurahia kodrai ya pamba yenye mistari mipana; mteja wa Kisumu anatokwa na jasho kabla ya saa nne, naye anahitaji pamba ya manyoya mafupi sana na sehemu nyingi zilizoachwa bila manyoya, ili hewa ipite. Hapa mchoro wa kupanda na kushuka una faida ya kweli mwilini, kwani sehemu tupu ndizo zinazopumua. Uzito wa gramu 200 hadi 300 kwa mita mraba unatosha. Epuka uzi wa poliesta katika nguo ya Kisumu, na uwe mwangalifu na viskosi, uzi unaotengenezwa kutokana na massa ya mbao: inang'aa na kuanguka vizuri mwilini, lakini ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake na manyoya yake hulala yasiinuke tena kirahisi. Pamba haing'ai kama viskosi, lakini haidhoofiki inapolowa. Fikiria pia mahali pa kukunjika: kwapani na kiwikoni manyoya husuguana yenyewe kwa yenyewe, kwa hiyo mchoro wenye vitanzi virefu uuweke mgongoni na kifuani, na mikono uiache na manyoya mafupi yaliyokatwa, maana kitanzi kirefu hunaswa na kila msumari na kila kucha.

Kwa kochi, mambo ni mazito zaidi. Katika maabara, kitambaa hupimwa kwa mashine ya Martindale, ambayo hukisugua kwa kitambaa cha sufu kwa mizunguko mingi hadi kianze kuharibika; kitambaa cha nguo husuguliwa kwa shinikizo la kilopaskali 9 na cha makochi kwa kilopaskali 12. Kochi la nyumbani kwa kawaida hutakiwa kuvumilia mizunguko kati ya 15,000 na 25,000, na viti vya hoteli au ofisi zaidi ya 30,000. Kwa matumizi haya chagua umbo la W, vishungi vilivyosongamana, uzito wa gramu 350 au zaidi kwa mita mraba, na upake mgongo wa kitambaa safu nyembamba ya gundi ya mpira au akriliki inayofunga kila kishungi mahali pake. Gundi hiyo hiyo ingeliharibu jaketi, na hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kusisitiza vitambaa viwili. Uzi wa sufu, mohea (manyoya ya mbuzi wa Angora) au poliesta huinuka vizuri baada ya kukaliwa. Pamba huweka alama za makalio, na viskosi huziweka zaidi. Rangi nayo ipimwe kwa mwanga: katika kipimo cha ngazi 1 hadi 8, usikubali chini ya 5 kwa kochi litakalokaa dirishani, kwa sababu manyoya yaliyopauka upande mmoja hayana dawa.

Jambo jingine, ambalo wabunifu wa mbali hawawezi kulijua, ni vile vitambaa vya kushona kwa kulabu ambavyo nyumba nyingi za kwetu hutandaza juu ya makochi. Kichwa cha mgeni kikiegemea kitambaa hicho kila siku, tundu na fundo zake hujichora kwenye manyoya ya pamba yaliyo chini yake, na siku kinapoondolewa kufuliwa unaona ua zima limebaki mgongoni mwa kochi. Mteja atakuja kulalamika kwamba kitambaa kimeharibika. Basi ukijua nyumba inatumia vitambaa hivyo, mpe manyoya mafupi ya poliesta au sufu, au uweke vitanzi visivyokatwa sehemu ya mgongo, kwa kuwa kitanzi hakilali kirahisi kama kishungi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, kitanda chako cha fremu nne ni hazina kuliko unavyodhani. Anza na manyoya ya mshindio, kwa sababu hayahitaji kifaa kipya. Funga mtande wa pamba uliobana, kisha kwa kila uzi mmoja wa mshindio wa msingi pitisha nyuzi mbili za manyoya zinazoruka juu ya nyuzi kadhaa za mtande na kushikwa zote kwenye safu moja. Ukimaliza kipande, kipake wanga mwepesi mgongoni, kiache kikauke kikiwa kimevutwa kwenye fremu ya kunyooshea, halafu pitisha mkasi mdogo wenye ncha kali katikati ya kila mstari wa nyuzi zilizoruka. Urefu wa manyoya utakuwa karibu nusu ya urefu wa mruko: mruko wa milimita 8 hutoa vishungi vya milimita 4. Osha wanga, kausha kivulini, kisha piga brashi kwenda na kurudi mpaka vishungi vifunguke. Ukiacha baadhi ya mistari bila kuikata, tayari una mchoro.

Ukishazoea, nenda kwenye manyoya ya mtande. Fremu mbili zibebe mtande wa msingi na mbili zibebe uzi wa manyoya, kila moja kundi lake. Inua fremu ya tatu na uingize fimbo nyembamba ya chuma chini ya nyuzi zilizoinuka. Pitisha nyuzi tatu za mshindio wa msingi huku fremu zote mbili za manyoya zikiwa chini, kisha juu, kisha chini, na hiyo ndiyo W tuliyoizungumzia. Shindilia kwa nguvu, kisha ingiza fimbo nyingine. Fremu ya tatu ikiinuka peke yake, kundi lake hufanya vitanzi na kundi la nne hubaki limelala ndani ya msingi; ukibadilisha fremu, mchoro unahama; ukiinua zote mbili, uso wote unajaa. Kwa vitanzi vifupi vya sampuli nyembamba, spoki za baiskeli zilizosafishwa kutu zinatosha, kwani unene wake ni kama milimita 2. Kwa manyoya ya kukatwa utamwomba fundi wa jua kali akutengenezee vipande bapa vya shaba nyeupe vyenye mfereji ukingoni ambamo wembe utapita. Usikate fimbo ya kwanza mpaka uwe umefuma nyingine mbili au tatu mbele yake, la sivyo uzi wa manyoya utachomoka wote.

Hapa ndipo wengi huishiwa na uzi katikati ya kazi, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Kitanzi cha urefu wa milimita 5 kinapanda milimita 5, kinashuka milimita 5, na kinatumia kama milimita 2 kuvuka juu ya fimbo, jumla milimita 12. Ukiwa na safu tatu za vitanzi katika kila sentimita, hizo ni milimita 36, na ukiongeza kiasi cha milimita 11 zinazopita ndani ya msingi unapata karibu milimita 47 za uzi kwa kila milimita 10 za kitambaa. Uzi wa manyoya, basi, unatakiwa uwe na urefu wa takriban mara tano ya kitambaa: mita tatu za kitambaa zitakula mita 15, wakati mtande wa msingi utakula zaidi kidogo tu ya mita tatu, mbali na ule unaobaki kitandani. Kwa sababu hiyo, nyuzi hizo haziwezi kuzungushwa kwenye gogo (mti wa nyuma ya kitanda unaozungushiwa mtande) moja na mtande wa msingi. Kama kitanda chako kina gogo moja tu, ning'iniza nyuzi za manyoya nyuma ya kitanda katika mafungu madogo, kila fungu na chupa ya maji kama uzito, na fremu ya tatu iwe na chupa zake mbali na za fremu ya nne, kwa sababu kundi linalofanya vitanzi vingi litakimbia mbele ya lenzake. Kiasi cha maji ndicho kitakachokuwa kipimo chako cha mvuto.

Iwapo utahitaji kukidhi oda kabla hujaimudu kazi hii, unaweza kununua velveti tupu na kuichora kwa joto: ilaze uso chini juu ya muhuri wa mpira au mbao uliochongwa, nyunyiza maji kidogo mgongoni, ubane kwa pasi bila kuisogeza. Kwenye poliesta alama hudumu. Kwenye viskosi hufutika ikifuliwa. Kwenye pamba haishiki vizuri. Kwa kazi ya kushona, kumbuka kwamba vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja, jambo linaloongeza matumizi ya kitambaa, na kwamba manyoya ya kochi hutazama chini mgongoni na mbele kwenye kikalio. Kwa jaketi la mahameli mimi huyaelekeza juu ili rangi ikolee. Kwa kodrai ya kila siku huyaelekeza chini ili yasichakae. Pasi isiguse uso wa kitambaa kamwe. Ukilazimika, weka kipande cha velveti ile ile chini, uso kwa uso, na utumie mvuke.

Kabla ya kumwonyesha mteja yeyote, fuma sampuli mbili za sentimita 30 kwa 30 za mchoro mmoja, moja kwa vipimo vya jaketi na nyingine kwa vipimo vya kochi. Pima kila moja kwa rula, ifue, ikaushe, uipime tena ili ujue imerudi kiasi gani. Vuta vishungi kadhaa kwa kibano, kunja kitambaa juu ya ukingo wa meza, kisha funika nusu ya sampuli kwa karatasi nzito na uibandike kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri kwa mwezi mzima. Ile ya kochi ikifaulu yote hayo, ipeleke pia kwenye maabara ya nguo ya Shirika la Viwango la Kenya kwa kipimo cha msuguano, hasa kama unakusudia kuomba kazi ya hoteli, kwa maana mnunuzi wa hoteli atataka namba iliyoandikwa.